Mlalagugu: mwongozo kamili wa kuunda dubwana la kuvizia kwa mchezo wa mezani

Dubwana la kuvizia likitengenezwa vibaya huharibu usiku mzima wa mchezo. Msimamizi, yaani anayesimulia hadithi na kuendesha madubwana, anasema, "Kitu kinatoka majini, kinakukamata, umekufa," na mchezaji aliyeisubiri Jumamosi wiki nzima anaweka dadu chini na kuchukua simu. Hakukosea popote, wala hakukuwa na jambo ambalo angeweza kufanya. Dubwana hilohilo likitengenezwa vizuri, aliyekamatwa ndiye wa kwanza kupiga kelele: "Lile gugu! Mimi niliwaambia lile gugu silielewi!" Kinachotofautisha hali hizo mbili ni dalili. Mwindaji anayejificha lazima aache kitu kinachomsaliti, na kitu hicho wachezaji wawe wamekisikia au kukiona kabla ya jino la kwanza.

Hapa tunamjenga dubwana mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Jina lake Mlalagugu, makazi yake ni ghuba yenye maji ya kahawia, miamba na gugu maji, kama Ghuba ya Mwanza katika Ziwa Victoria ilivyo kati ya Kirumba na Sengerema. Namba zimepangwa kwa mchezo wowote unaotumia dadu la pande 20, kwa wahusika wanne wenye pointi za uhai 25 hivi kila mmoja. Kama huna dadu la pande 20, kata vipande 20 vya kadi ngumu vinavyolingana, viandike 1 hadi 20, vitie kwenye kikombe cha bati. Mtu anachomoa kimoja, anasoma, anakirudisha na kukitikisa kikombe kabla ya mwenzake kuchomoa. Msiporudisha, namba zilizokwisha kuchomolewa hazitatoka tena na hesabu zote za hapa chini zitaharibika. Majeraha yote yamepangwa kwa dadu la kawaida la ludo. Tafuta matatu.

Anza na maficho, meno yatafuata

Wengi huanza na mdomo: meno mangapi, sumu gani, urefu gani. Matokeo yake ni simba aliyefichwa nyuma ya pazia. Anza na mahali anapolala, kwa sababu mahali ndipo panapoamua mwili, muda wa kuwinda, na zaidi ya yote, dalili.

Maficho ya Mlalagugu ni gugu maji. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, na katika Ziwa Victoria ulianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Una majani ya kijani yanayong'aa, mashina yaliyovimba yenye hewa ndani, maua ya zambarau, na mizizi myeusi kama manyoya inayoning'inia chini. Haushiki ardhini. Unaelea, unashikana vichaka kwa vichaka, na unakwenda unakopelekwa na upepo. Pakiwa na joto na rutuba unaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi, ndiyo maana mtu anaweza kulala mwalo, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga, ukiwa wazi na kuamka ukiwa umefunikwa.

Sasa chukua jambo moja tu katika hayo na uligeuze kuwa msingi wa dubwana zima: gugu huenda na upepo. Kandokando ya ziwa, mchana upepo kwa kawaida huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa hiyo alasiri gugu husukumwa pwani, na usiku huelekea kuondoka. Kichaka kinachosogea pwani usiku, upepo ukikipiga usoni, si kichaka. Hicho ndicho kiini cha Mlalagugu, na mchezaji yeyote aliyekulia karibu na ziwa atakielewa bila kuelezwa.

Mwili unakopwa kwa mamba, maana mamba ni mviziaji aliyekamilika. Macho, matundu ya pua na masikio yake yamepangwa juu ya kichwa, ndiyo maana mwili mzima unaweza kuzama naye bado akaona, akanusa na akasikia. Kwenye taya ana vipele vidogo vinavyohisi mtikisiko wa maji, kwa hiyo hata gizani anajua aliyetia mguu. Kooni ana kizuizi kinachomwezesha kufumbua mdomo chini ya maji bila kujaza mapafu. Hawezi kutafuna, hivyo hujizungusha ili kung'oa nyama. Na ana udhaifu unaofaa sana mezani: misuli ya kufunga taya ina nguvu ya kutisha, ile ya kufungua ni dhaifu mno. Mdomo ukishafungwa na kuzungushiwa kamba, umemweza.

Mlalagugu basi ana urefu wa mita 5, bapa kama mkeka, mgongo wenye mashimo ambamo gugu halisi limeota. Anapumua hewa. Ana nguvu nyingi kwa muda mfupi, halafu anachoka, kama wanyama wengi wa kuvizia. Usimpe kingine. Ukimwongezea sumu, moto na uchawi, wachezaji watashindwa kujua ni kipi cha kukisoma.

Dalili tatu, kwa mpangilio wake

Panga dalili tatu, moja ya mbali, moja ya karibu, moja ya papo kwa papo. Ziandike kwenye karatasi yako kabla ya mchezo, na zote tatu lazima zitamkwe mezani bila kutupa dadu. Dadu linaamua nani anazitafsiri mapema. Halina kazi ya kuamua kama zipo.

Ya mbali hutolewa mchana, mwaloni, ikichanganywa na maneno mengine ili isionekane imepigiwa mstari. Mhusika anamsalimu mzee anayeshona nyavu: "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu. Mnatoka leo? Giza zuri, dagaa watapanda. Ila lile gugu pale kwenye mwamba, jana jioni halikuwa pale. Na usiku upepo ulikuwa wa huku, unaenda kule." Halafu mzee aendelee kulalamikia bei ya nyuzi. Usirudie. Msimamizi anayerudia dalili mara mbili ameshaiharibu.

Ya karibu hutolewa mtumbwi ukiwa unatoka, jua linapozama. Yangeyange wametua kwenye kila kichaka cha gugu, weupe, wamekunja shingo, isipokuwa kwenye kimoja. Sema hivyo tu na uendelee na safari.

Ya papo kwa papo hutolewa raundi moja (kila mtu zamu moja) kabla ya shambulio: vyura wananyamaza, na mizizi inakwaruza ubavu wa mtumbwi upande ambao upepo haukupaswa kuileta. Hapa wape wachezaji kitendo kimoja kila mtu. Aliyetafsiri dalili atasema, "Navuta miguu ndani, nashika mkuki." Mwingine atasema, "Nachota maji ninawe uso." Umeshapata mawindo yako kwa haki.

Kuhusu kutupa dadu la kuona, kuna mtego wa hesabu ambao wengi hawaushtukii. Tuseme kuona kunahitaji 15 na kila mhusika ana nyongeza ya 2, yaani namba anayojumlisha kwenye dadu. Mmoja anahitaji 13 au zaidi, yaani nafasi 8 katika 20, asilimia 40. Inaonekana ngumu kiasi. Lakini wanne wakitupa wote, uwezekano wa angalau mmoja kuona unafika asilimia 87. Dubwana lako limekufa kabla halijazaliwa. Kwa hiyo anayetupa ni mmoja tu: aliyekaa omo, mbele ya mtumbwi, anayetazama maji. Akiwa ametaja yangeyange au upepo kwa kinywa chake mwenyewe, mwongezee 5. Nafasi yake inapanda hadi asilimia 65, na ameipata kwa kusikiliza.

Namba zake

Pointi za uhai 60. Kinga, yaani namba ambayo anayempiga lazima aifikie, ni 13 akiwa juu ya maji, 17 akiwa amezama. Kasi mita 12 kwa raundi majini, mita 3 nchi kavu. Kuuma: nyongeza 6, jeraha dadu tatu za ludo kisha ongeza 3. Wastani ni 13 na nusu, kiwango cha juu kabisa ni 21.

Hiyo 21 haikuja kwa bahati. Mhusika ana pointi 25. Jino la kwanza, hata dadu zote zikitoa 6, halimuui mtu aliyekuwa mzima. Shika kanuni hii kwa dubwana lolote la kuvizia utakalounda: pigo la siri liumize hadi mtu ashike kichwa, lakini limwachie zamu yake.

Katika shambulio la kushtukiza, Mlalagugu hutupa mara mbili na kuchukua namba kubwa. Dhidi ya mhusika mwenye kinga 15 anahitaji 9 au zaidi, asilimia 60 kwa tupo moja, asilimia 84 kwa mawili. Baada ya hapo anatupa mara moja kama kila mtu. Akiuma, taya zimefunga, na aliyekamatwa hujinasua kwa kupata 14. Mwenye nyongeza ya nguvu 3 anahitaji 11, yaani nusu kwa nusu.

Shambulio, raundi kwa raundi

Kabla ya yote, uliza maswali madogo ya kawaida. Nani anapiga kasia? Nani anatoa maji kwa kopo? Taa imefungwa upande gani? Uliza safari nzima, hata pasipo na hatari, ili usiku wa hatari maswali yasiwashtue. Majibu ndiyo yanayochagua mawindo, na yakishatoka vinywani mwao hakuna atakayesema umemwonea.

Mlalagugu anamchagua aliye karibu zaidi na maji, ndani ya mita 3, ambaye macho yake yako kwingine. Hachagui mwenye nguvu wala adui wa hadithi. Wakiwa wawili wanalingana, anamchukua aliye peke yake upande wake wa mtumbwi.

Raundi ya kwanza anaruka, anauma. Walio mtumbwini wanatupa dadu, 10 au zaidi, wasipoteze mizani. Anayeshindwa hatumbukii. Anapoteza zamu akiwa amekumbatia ubao, inatosha. Raundi ya pili anamzamisha aliyekamatwa mita 3 chini, nje ya mwanga. Raundi ya tatu anajizungusha: dadu mbili za ludo, wastani 7, bila kutupa kwanza. Raundi ya nne anajizungusha tena. Jumlisha wastani: 13 na nusu, 7, na 7, ni 27 na nusu. Kwa hiyo mtu wa pointi 25 ana raundi tatu za kupambana kabla mambo hayajawa mabaya kweli. Mtu aliyeshtukizwa hakuvuta pumzi, hivyo pumzi yake nayo inakatika mwisho wa raundi hizohizo tatu tangu azame. Usihesabu kwa siri. Weka kete tatu za bao mbele ya mchezaji na uondoe moja kila raundi. Zile kete zinapopungua, meza nzima inaacha kuongea mambo mengine.

Nafasi ya kushindwa kujinasua mara zote tatu ni moja katika nane. Lakini mwenzake akishika kamba, au mkono, au upindo wa wavu, aliyekamatwa anatupa mara mbili na kuchukua namba kubwa. Hapo kufaulu kunapanda hadi asilimia 75, na kushindwa mara zote tatu kunashuka hadi moja katika 64. Waambie hivyo waziwazi: kusaidia kunaokoa kuliko kuchoma mkuki gizani, maana Mlalagugu akiwa amezama kinga yake ni 17.

Akipoteza pointi 20, au mawindo yakimponyoka, anaondoka. Hapigani. Mviziaji akijeruhiwa vibaya anaweza kufa njaa, hivyo anaacha na kwenda kusubiri penye rahisi. Anaweza kurudi mara moja tu usiku huohuo, kwenye mtumbwi mwingine au wahusika wanapovuta mtumbwi wao nchi kavu, maji yakiwa magotini. Mara ya tatu hapana. Hofu inageuka kero.

Namna ya kuisema

Uvuvi wa dagaa unakupa jukwaa lililokwisha kutengenezwa. Wavuvi hutoka usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa imepotea, taa zikiwa juu ya maji kuvuta dagaa wapande, na kutoka mwambao taa hizo huonekana kama mji mwingine umejengwa ziwani. Kila mtumbwi una duara lake la mwanga na nje ya hapo hakuna kitu. Tamka kitu kama hiki, polepole, sauti ya kawaida:

"Taa inawaka. Mnaona mita nane kila upande. Dagaa wameanza kupanda, maji yanachemka kama sufuria. Upepo unatoka mjini, mnasikia harufu ya moshi wa jikoni. Vyura kule kwenye matete… wamenyamaza. Kwenye ubavu wa kulia, upande wa ziwani, kitu chepesi kinakwaruza ubao. Majani. Kila mtu kitendo kimoja."

Upepo unatoka mjini, majani yanatoka ziwani. Yote yamesemwa. Nyamaza, usitazame karatasi yako, usimtazame mchezaji mmoja kuliko wengine. Uso wa msimamizi husaliti kuliko yangeyange.

Kwa kipande cha mezani, kata sponji ya kuoshea vyombo iwe na ukubwa wa kiganja, ipake kijani, kisha tengeneza nyingine tano zinazofanana nayo. Zitawanye juu ya ramani tangu mwanzo. Kila raundi zisogeze zote kidole kimoja kufuata upepo, na moja usiisogeze. Mwenye jicho ataona. Chini ya hiyo moja gundisha kifuniko cha soda ili ijulikane ukiigeuza.

Yanayoharibika, na kwa nini

Baada ya shambulio la kwanza, wachezaji huanza kuchoma kila jani kwa mkuki na mchezo unakwama. Sababu ni kwamba hawajaamini dalili, wanadhani hatari iko popote. Dawa yake ni kuwahakikishia kwa kanuni: gugu linalofuata upepo ni salama, siku zote, bila kuvunja ahadi hiyo hata mara moja. Wakishaiamini wataacha majani na kuanza kuuliza upepo unatoka wapi, na hilo ndilo swali ulilotaka waulize.

Tatizo jingine ni aliyekamatwa kukaa bila kazi. Mpe kitendo kila zamu hata akiwa chini: kupapasa jicho la dubwana, kukata mizizi ya mgongoni, kupitisha kamba kwenye taya. Kamba usiikatae. Taya zikiwa zimefungana, mtu akapata 16 na kuzungusha kamba ya katani mara mbili, Mlalagugu hawezi kufumbua mdomo hadi kamba ikatwe. Msimamizi anayekataa wazo hilo kwa kuwa linamaliza pambano mapema ameukana mwili aliouunda mwenyewe. Angalia jambo moja tu: kamba ikifungwa mguu wa mwenzao ukiwa bado ndani, umefungwa naye.

Wapo pia wanaompandisha pointi za uhai hadi 120 ili "adumu". Wahusika wanne wenye nyongeza 5 humpata akiwa juu ya maji kwa asilimia 65, na kwa wastani wa jeraha 8 wanampunguza 20 na kitu kwa raundi. Kwa pointi 60 anadumu raundi tatu akikaidi, moja au mbili akikimbia inavyotakiwa. Kwa 120 ni raundi sita za kutupa dadu tu, na woga huisha mwishoni mwa ile ya pili.

Na kwa kundi linalotaka kumwinda badala ya kuwindwa, wape njia ya kumvua nguo. Katika miaka ya 1990, mbawakawa wadogo wanaokula gugu waliletwa na kuachiwa katika Ziwa Victoria ili kulipunguza. Katika dunia yako mganga wa mwaloni anaweza kuuza kibuyu cha wadudu hao. Ukiwamwaga ghubani hakuna kinachotokea usiku huo. Baada ya siku kumi gugu la mgongoni limekuwa kahawia na mabaka, kinga ya kujificha imekwisha, na Mlalagugu mwenye njaa anaanza kuwinda mchana.

Ukimhamishia kwenye miamba

Pwani ya mawe makubwa, kama yale yaliyobebana hadi ndani ya maji pale kwenye mwamba wa Bismarck mjini Mwanza, haihitaji gugu. Namba ni zilezile, badili kasi: nchi kavu mita 6, majini mita 6. Mgongo ni jiwe la kijivu lenye ukoga, na anawinda mchana, kwa wanaofua nguo na kuoga. Dalili ya upepo haipo tena, kwa hiyo tumia mijusi wa miamba, wale ambao madume yao yana vichwa vyekundu na miili ya buluu. Asubuhi wanapanda juu ya mawe kuota jua, mmoja hapa, wawili pale. Jiwe lililo bora kuliko yote, bapa, linalopigwa jua tangu saa moja, halina hata mmoja.